Nduaro kwa Boti Ndogo: Dalili, Sababu na Marekebisho kwa Anayeanza

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye boti ya fiba ya futi 18 hadi 25, mashine moja au mbili za nyuma, rodi tatu au nne, na hamu ya kumpata nduaro wake wa kwanza, yule samaki mkubwa wa kilindi mwenye mdomo mrefu kama mkuki (marlin). Umepangwa kwa dalili. Tafuta inayokusumbua, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, halafu shuka. Matatizo yenyewe ni yale yale ambayo manahodha wa Malindi, Watamu, Shimoni, Nungwi na Mafia huulizwa kila msimu.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu karibu kila sehemu inalirudia. Kwenye boti ndogo, nduaro hapotei kwa kuwa ana nguvu kukushinda. Hupotea, au hukuumiza, kwa sababu ya kitu ambacho ungeweza kukikagua ukiwa bado ufukweni: breki ya rili, ncha ya ndoana, fundo, filta ya petroli, na makubaliano ya nani atafanya nini samaki akifika kando. Ukaguzi wa jioni moja una faida kuliko chambo cha bei ghali.

Mashine inakohoa au inazimika kwenye mwendo wa kurambaza

Nimeanza na hili kwa sababu mashine ndiyo inayokurudisha nyumbani. Kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, kunaichosha mashine ya nyuma kuliko watu wanavyodhani: saa sita saba za mwendo mdogo, jua kali, na petroli inayotikisika tangini.

Sababu ya kawaida kabisa ni petroli kutofika. Tazama kwanza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likisahauliwa limefungwa, mashine hupungukiwa polepole mpaka inakufa. Kisha shika ile pampu ya mkono iliyo kwenye mpira wa petroli. Ikiwa imebonyea na haijai tena, njia imeziba au tangi halipati hewa. Ikibaki laini hata ukiifinya mara nyingi, kuna hewa inaingia kwenye maungio, au tangi limekauka. Kaza vibano, badilisha mpira uliopasuka.

Inayofuata ni maji ndani ya petroli, hasa petroli ya madumu iliyokaa. Filta yenye bakuli angavu itakuonyesha: maji hukaa chini, petroli juu. Mwaga, jaza upya, jaribu. Asiye na filta ya aina hiyo aiweke kabla ya kununua chambo kingine chochote.

Kwa mashine za zamani za mipigo miwili, plagi hujaa masizi kwa mwendo mdogo wa muda mrefu. Dawa ni kuongeza mwendo kwa dakika moja au mbili kila baada ya nusu saa, na kubeba plagi za akiba pamoja na spana yake.

Kama mashine inanguruma lakini boti haiendi, au inatetemeka, huenda mshipi umejizungusha kwenye panga. Zima, chomoa kamba ya kuzimia, ndipo uinue mashine na kukata. Nailoni ikipenya nyuma ya panga hukata sili ya shafti, na bahari huingia kwenye oili ya gia. Ukifungua skrubu ya gia siku ya pili ukaona oili imegeuka nyeupe, boti isitoke tena mpaka fundi abadilishe sili.

Mwisho, tazama ule mkondo mwembamba wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Ukikatika, maji ya kupoza hayazunguki. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au mwani umeziba matundu ya kuvutia maji. Zima, inua, toa uchafu. Ukiwasha na mkondo haujarudi, impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji, imekwisha.

*Acha hapo:* king'ora cha joto kikilia na mkondo wa maji haupo, usiendelee kwa matumaini ya kufika. Mashine itajifunga kabisa. Na ukisikia harufu ya petroli ndani ya ngama, usiwashe chochote, hata taa. Fungua vifuniko, pitisha hewa, tafuta inapovuja. Boti yenye mashine moja isivuke mwamba kwenda kilindini peke yake. Iende pamoja na nyingine. Petroli igawe mafungu matatu: moja la kwenda na kuvua, moja la kurudi, moja la akiba lisiloguswa.

Siku nzima hakuna kinachogonga

Watu wengi hukimbilia kubadilisha rangi ya chambo. Rangi ni ya mwisho kwenye orodha yangu.

Ya kwanza ni mahali na majira. Msimu mkuu wa nduaro kwenye pwani ya Kenya ni kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari inapotulia na maji yanapokuwa ya buluu karibu na nchi. Nduaro wa mistari ndiye anayepatikana zaidi wakati huo, na wengi wao hawafiki kilo 100, jambo jema kwa anayeanza. Nduaro mweusi na nduaro buluu wapo pia, na majike wao ndio wanaofikia ukubwa wa kutisha. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili, bahari huchafuka na boti ndogo nyingi hupandishwa. Baada ya kusi kulegea, Agosti hadi Oktoba, mlango wa bahari wa Pemba ulio mbele ya Shimoni huwa na nduaro tena, na pale kilindi kiko karibu mno na nchi: unatoka, na baada ya muda mfupi uko juu ya maji ya mamia ya mita.

Ukaribu huo ni muhimu kwa boti ndogo. Watu hutamani North Kenya Banks, yale mafungu ya kina yaliyo mbali mbele ya Malindi na Lamu, kwa sababu huko mikondo hukutana na chakula ni kingi. Lakini huko ni kwa boti kubwa zinazolala baharini. Tanzania nako, Fungu Kizimkazi ni mahali pa sifa na pa mbali vilevile. Wewe tafuta mteremko wa karibu, pale kina kinapoanguka kutoka mita 80 kwenda 200 na zaidi, na urambaze juu ya ukingo huo, si kuukata mara moja na kupotea kilindini.

Ndani ya mteremko huo, tafuta dalili za chakula: ndege wanaotumbukia, makundi ya sehewa (jodari wadogo), mstari ambapo maji ya rangi mbili yanagusana, takataka na magogo yanayoelea. Penye sehewa wadogo wanaoruka kwa hofu, baki hapo saa nzima. Wanaoanza huondoka mapema mno.

Ya pili ni mwendo. Chambo bandia chenye kichwa kigumu hufanya kazi kati ya noti 7 na 9 (maili za baharini kwa saa). Samaki halisi aliyeshonwa ndoana hupasuka kwa mwendo huo. Huyo mpeleke noti 4 hadi 6. Chambo hai ni noti 2 au 3 tu. Ukichanganya vyote nyuma ya boti moja, kimoja hakika kitakuwa kwenye mwendo usio wake.

Ya tatu ni mwani. Jani moja kwenye ndoana linatosha kumfanya nduaro ageuke. Vuta kila chambo ukikague kila baada ya dakika 20 au 30, na mapema zaidi mkipita kwenye uchafu.

Chambo kinaruka nje ya maji, kinazunguka, au mishipi inasokotana

Chambo kizuri hutumbukia, huvuta moshi wa mapovu nyuma yake, huja juu kuvuta pumzi, na kurudi chini. Kikikaa juu muda wote, ama mwendo ni mkubwa ama mshipi umeshikwa juu mno. Shusha ncha ya rodi au kirudishe nyuma wimbi moja. Kikizunguka, ndoana imekaa upande. Inyooshe, na kwa samaki halisi hakikisha mdomo umefungwa na mgongo umelegezwa. Mzunguko wa saa nzima huharibu mshipi mzima.

Kusokotana hutokana na mishipi mingi kuliko upana wa boti. Boti ya futi 20 isiyo na autriga, ile mikono mirefu ya kutanua mishipi, inatosheka na mishipi mitatu: mmoja karibu upande wa kushoto, mmoja mbali kidogo upande wa kulia, mmoja katikati mbali kabisa. Kona zipigwe pana. Zaidi ya hapo unajitafutia kazi.

Anagonga, rili inalia, halafu kimya

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko mengine yote, na ndilo ambalo wenye nalo hulaumu bahati. Mara chache ni bahati.

Anza na ncha. Weka ndoana juu ya ukucha wa kidole gumba na uivute polepole. Ikiteleza ni butu, ikikwama inafaa. Kinywa cha nduaro kimejaa mfupa, na hata ndoana nyingi mpya za dukani zinahitaji tupa ndogo kabla ya kuingia majini. Fanya hivi kila asubuhi na kila baada ya kugongwa.

Kisha breki ya rili. Kanuni ya kuanzia ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 24, breki ya kilo 6 hadi 8. Kwa mshipi wa kilo 37, kilo 9 hadi 12. Weka rodi kwenye kishikio chake, funga mizani ya kuning'iniza kwenye mshipi, mtu avute polepole mpaka rili ianze kutoa, usome namba. Tia alama kwenye rili kwa rangi. Usikadirie kwa kuvuta na mkono. Mkono wa leo haufanani na wa jana. Kwa anayeanza kwenye boti ndogo nashauri 24 au 37. Zana za kilo 60 humkaza mtu asiye na kiti cha kuvulia kuliko zinavyomkaza samaki.

Sababu ya tatu ni nahodha kuzima mwendo mara tu rili inapolia. Nailoni hunyumbuka. Boti ikisimama ghafla, mshipi hulegea, na ndoana iliyoshika ngozi tu hudondoka. Endelea na mwendo ule ule sekunde tano hadi kumi, kisha punguza bila kusimama, wakati wengine wanakusanya mishipi iliyobaki.

Ya nne inahusu wanaotumia ndoana ya duara na chambo halisi. Ndoana hii haitaki kuvutwa kwa kishindo. Samaki akichukua, mwachie mshipi kwa breki ndogo sana ya kuzuia tu rili isijipindue, hesabu polepole mpaka nne au tano, kisha sukuma breki taratibu mpaka kwenye alama na uache mshipi ukazike wenyewe. Ndoana itageuka na kushika pembe ya mdomo. Anayenyakua rodi na kuitupa nyuma ya bega huichomoa. Kuna faida nyingine: samaki aliyeshikwa pembe ya mdomo huachiwa akiwa mzima zaidi kuliko aliyemeza ndoana mpaka tumboni.

Chambo kikubwa kilichofunika ndoana yote nacho huleta tatizo hili. Ncha lazima iwe wazi.

Tena, soma ushahidi. Nailoni nene ya mbele, ile inayounga mshipi na ndoana, ikirudi na mikwaruzo mirefu, alikuwa nduaro. Mdomo wake ni msasa, na hupiga windo kwa huo mdomo kabla ya kulimeza. Ikirudi imekatwa safi, ni meno: nguru au papa. Chambo kikirudi nusu, si nduaro. Na ukimwona nyuma ya chambo, mapezi yamechomoza na ubavu unang'aa buluu, lakini hachukui, shika rodi, vuta chambo mita mbili tatu kwa haraka, kiache kirudi. Windo linalokimbia humkasirisha.

Amenasa vizuri, kisha mshipi unakatika

Usitupe ncha iliyokatika. Itazame.

Ikiwa imejikunja na kujisokota, fundo liliteleza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, likaze polepole, na ulijaribu kwa mizani ufukweni. Ikiwa imekwaruzwa, pitisha pamba ndani ya kila pete ya rodi. Pamba ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itaendelea kukata kila mshipi utakaoweka. Ikiwa imenyooka na kuwa nyembamba, ulizidisha nguvu.

Kuzidisha nguvu kuna siri moja ambayo wengi hawaijui. Breki uliyoipima rili ikiwa imejaa haibaki ile ile. Kadiri mshipi unavyotoka na mzingo wake kwenye rili unavyopungua, nguvu inayohitajika kuuvuta huongezeka. Upana wa mzingo ukibaki nusu, breki ya kilo 8 imekuwa 16 bila wewe kugusa kitu. Ongeza na uzito wa maji yanayousukuma mshipi uliopinda baharini mita 300 nyuma ya samaki anayekimbia. Kwa hiyo anapokimbia mbali, *punguza* breki. Silika ya kila mtu ni kukaza, na silika hiyo ndiyo inayokata mishipi. Kisha mfuate kwa boti urudishe mshipi. Kama mshipi wako una miaka miwili kwenye jua, badilisha wote. Nailoni huoza kwa jua hata kama haionyeshi.

Kwa nailoni ya mbele, tumia ya kilo 150 hadi 200, mita nne au tano. Wanaotaka samaki wao aandikwe kwenye rekodi za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi wa rodi, mshipi ukizidi kilo 10 kipande hicho hakiruhusiwi kupita mita 9.14.

Breki inashika na kuachia kwa mikupuo

Karibu kila mara ni rili iliyohifadhiwa breki ikiwa imekazwa, sahani zikagandamana. Legeza breki kabisa kila unaporudi, osha kwa maji baridi yanayotiririka polepole, si kwa mpira wa nguvu unaosukuma chumvi ndani. Ikiendelea, sahani zina mafuta au maji. Kuifungua rili ya breki ya wenzo bila ujuzi huishia na vipuri mezani vilivyobaki. Mpelekee fundi wa rili. Manahodha wa boti za kukodisha mjini kwako wanamjua.

Amezama wima chini na hapandi

Saa nzima imepita, mshipi umenyooka chini ya boti, na kila unachokipata anakirudisha. Sababu kubwa ni kwamba uko juu yake. Ukimvuta wima, unamnyanyua kwa uzito wake wote. Nahodha aende mbele polepole mita 50 hadi 100 huku breki imelegezwa, mpaka mshipi uwe na mlalo, kisha kaza kidogo na uvute kutoka pembe hiyo. Kichwa kikigeuka, mwili hufuata. Hakikubali? Zunguka ujaribu upande wa pili.

Ikiwa kuna uzito tu, hakuna mtikiso wa mkia, huenda amekufa huko chini. Mapambano marefu humuua. Hapo ni kumpandisha taratibu, mita baada ya mita, kwa kutumia mawimbi: boti ikishuka kunja, ikipanda shikilia. Ndiyo sababu sipendi zana nyepesi mno kwa samaki mkubwa. Nduaro aliyevutwa saa nne hana maisha mengi hata ukimwachia.

Uzito ukizidi ghafla kisha ukapungua, papa wamefika.

Boti inavutwa kinyumenyume na maji yanaingia tezi

Boti kubwa humfuata samaki kwa kurudi nyuma. Umeona picha zao, maji yanaruka juu ya tezi. Zina sitaha inayotoa maji yenyewe. Yako haina, na uzito wa mashine tayari umeishusha nyuma. Sababu ya kwanza ya maji kuingia ni kuiga hilo. Geuza omo umwelekee samaki, mvuaji asimame mbele au ubavuni, umfuate ukienda mbele.

Sababu ya pili ni watu wote kukimbilia upande mmoja kumwona. Mgawanyo wa kazi uwe umesemwa mapema: mmoja kwenye rodi, mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye nailoni. Wengine wakae katikati.

*Acha hapo:* usifunge mshipi kwenye boti kwa namna yoyote, wala kamba kwenye mkia wa samaki aliye hai. Maji yakifika juu ya sakafu, kata mshipi, fua maji kwa upo na pampu, majaketi okozi yawe yamevaliwa tayari. Hakuna samaki wa kujadiliana naye hapo. Rekodi ya dunia ya nduaro mweusi ni kilo 707.61, aliyevuliwa Cabo Blanco, Peru, Agosti 1953. Ukiona yule aliyeruka mbele yako ni mrefu karibu na nusu ya boti, piga picha, furahi, na ukate ukiona hali inageuka.

Yuko kando, na mambo yanaharibika

Dakika mbili hizi ndizo za hatari kuliko siku nzima. Watu wamewahi kuvutwa baharini na nailoni iliyojikaza mkononi wakafa. Wengine wamechomwa na mdomo wa samaki aliyeruka ndani ya boti. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Akiruka kando ya boti, kawaida ni kwa sababu amefikishwa mapema, bado ana nguvu zote. Mwonekano wa samaki ambaye bado hajachoka hushawishi kila mtu kumaliza. Rudi mita 20, mwache akimbie mara moja zaidi. Ukiwa na haraka naye, yeye ana nguvu za kukulipa.

Nailoni ikimponyoka mshikaji, sababu ni mikono mitupu au glavu nyembamba. Vaa glavu nene za ngozi. Wazoefu huizungusha nailoni mkononi kwa namna inayofunguka wakiachia. Wewe usizungushe hata mara moja mpaka ufundishwe na mtu anayeifanya kazi hiyo, ukiwa umesimama naye. Ishike, vuta, achia akikataa. Nailoni iliyokwisha kuvutwa itupwe nje majini, isikae miguuni. Mguu ukinaswa na samaki akaondoka, hakuna nguvu ya kumzuia. Kisu kikali kiwe mahali panapojulikana na wote.

Wakati wote huo mashine iwe kwenye gia, boti ikienda mbele polepole. Boti iliyosimama humruhusu aingie chini yake, nailoni ikakatwa na panga au mshipi ukakwaruzwa na fiba. Aliye kwenye rodi alegeze breki mara nailoni inaposhikwa, ili samaki akiondoka aondoke bila kukata.

Shika mdomo kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekeana, mdomo ukiuelekeza mbali na kifua na uso. Na usimtie ndani. Kwenye boti ya futi 20, samaki wa kilo 80 aliye hai atavunja kila kitu, na mtu mmojawapo.

Ninasimama wazi upande wa kumwachia. Tathmini za Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi zimeonyesha kwa miaka kwamba nduaro wa mistari, ndiye utakayemgusa kwanza, amevuliwa kupita kiasi. Watamu kuna African Billfish Foundation, ambao hutoa alama za kuchomeka kwenye samaki anayeachiwa. Omba kadi zao kabla ya msimu. Alama huchomekwa kwenye nyama ya bega, juu, chini ya pezi la mgongo, si kichwani wala tumboni. Andika tarehe, mahali na urefu uliokadiria. Ukimshika mwenye alama tayari, namba yake ni ya thamani kuliko picha. Ndani ya hifadhi za baharini, Watamu, Malindi, Kisite na kwingineko, mishipi yote iwe imekunjwa.

Ameachiwa lakini analala ubavu

Amechoka, hewa haimpiti. Usimwache. Mshike mdomo, boti iende noti 2 hivi ili maji yapite kwenye matamvua yake. Rangi ikirudi na mkia ukianza kusukuma, dakika tano, wakati mwingine zaidi, mwachie aondoke mwenyewe. Ndoana iliyomezwa usiichimbe. Kata nailoni karibu nayo kadiri unavyoweza. Kumnyanyua nje ya maji kwa picha ndiko kunakoua wengi wa aina hii. Piga picha akiwa majini.

Mtu ameumia

Ndoana ndogo iliyoingia kwenye nyama ya mkono mpaka baada ya ncha ya nyuma: kwanza kata nailoni ili isivutwe tena, funika, rudi nchi. Ndoana iliyo karibu na jicho, shingoni, kwenye kiungo cha kidole, au kubwa ya nduaro popote, haitolewi na mtu wa boti. Hospitali, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kipande cha mdomo wa samaki kikivunjikia mwilini, *usikichomoe*. Kinazuia damu. Kifunge kisitikisike, mlaze mtu, mpe kivuli, na mashine zote mbele. Jeraha la tumboni au kifuani halingoji nduaro wa pili hata kama linaonekana dogo kwa nje. Tundu la mdomo ni jembamba na ni refu.

Wito wa msaada ni redio ya VHF, chaneli ya 16: sema "Meidei" mara tatu, jina la boti mara tatu, mahali ulipo kwa namba za GPS, kilichotokea, watu wangapi. Rudia mpaka ujibiwe. Karibu na nchi simu ikishika, 112 inafanya kazi Kenya na Tanzania. Namba za GPS ziandikwe kwa kalamu kando ya usukani mnapofika eneo la kuvua, kisha kila mnapohama, ili hata asiyejua kukitumia chombo aweze kuzisoma hewani nahodha akiwa ndiye aliyeumia.